Barua ya wazi kwa wakuu wa viza na mipaka wa Umoja wa Ulaya: sheria yenu ifike dirishani

Kwa: Wakuu wa sehemu za viza katika balozi za nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zilizopo Afrika Mashariki, na wakuu wa mamlaka za mipaka za nchi hizo

Nakala: Tume ya Ulaya, Brussels

YAH: WAUME NA WAKE WA RAIA WA ULAYA KUZUIWA SAFARI AMBAZO SHERIA INAWARUHUSU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni raia wa Ureno. Tulifunga ndoa Dar es Salaam, tukaishi huko, na sasa tunaishi Ireland pamoja na mtoto wetu. Kabla ya barua hii niliandika kwa ubalozi uliohusika, nikaandika kwa mamlaka iliyo juu yake, nikaandika pia kwa shirika la ndege. Ubalozi ulinijibu kwa barua ambayo haikugusa hata hoja moja niliyotoa. Shirika la ndege likaniomba radhi kwa usumbufu na kusema lilifuata taratibu za nchi niliyokuwa nakwenda. Mamlaka haijajibu mpaka leo. Ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani.

Sitataja ubalozi huo wala shirika hilo. Tangu nilipoanza kuulizana na wenzangu, Watanzania, Wakenya na Wakongo waliooa au kuolewa na raia wa Ulaya, nimekuta habari ni ile ile, kinachobadilika ni jina la ubalozi tu. Kwa hiyo barua hii inawahusu nyote.

Naomba nianze na sheria, kwa kuwa dirishani ndiyo kitu cha kwanza kusahaulika. Agizo namba 2004/38 la Umoja wa Ulaya lilipitishwa tarehe 29 Aprili 2004, na kila nchi mwanachama ilipewa hadi tarehe 30 Aprili 2006 iwe imeshaliingiza katika sheria zake. Agizo hilo linampa raia wa nchi mwanachama anayekwenda nchi nyingine mwanachama haki ya kwenda na mume au mke wake, hata kama mwenza huyo ametoka Tanga, Kisumu au Bukavu. Ibara ya 5 inasema mwenza anaweza kudaiwa viza, lakini viza hiyo itolewe bure, mapema iwezekanavyo na kwa utaratibu wa haraka, na nchi husika imrahisishie kuipata kwa kila njia. Akishapata kadi ya ukaazi iliyotajwa katika Ibara ya 10, viza hadaiwi tena. Mnaweza kumkatalia kwa sababu za utulivu wa umma, usalama wa umma au afya ya umma, na Ibara ya 35 inawapa nguvu pale penye udanganyifu.

Sheria hiyo mliiandika wenyewe, na ni nzuri. Malalamiko yangu ni kwamba haijawafikia watu wanaokaa dirishani, na gharama ya hilo tunailipa sisi.

1. Mnadai nyaraka ambazo sheria haizidai

Tulipoomba viza mara ya kwanza tulikuwa bado Dar es Salaam. Wifi yangu alikuwa anaolewa katika nchi mwanachama ambayo si Ureno, na mama mkwe, ambaye anaishi huko, alikuwa ameshatuandalia chumba. Nilifika kwenye kituo cha kupokea maombi nikiwa na pasipoti yangu, cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti ya mume wangu na barua yake inayosema tunasafiri pamoja. Mume mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu.

Binti wa dirishani alikuwa na karatasi ya orodha na kalamu nyekundu. Akaanza kuniuliza: taarifa ya benki ya miezi ya nyuma iko wapi? Barua ya mwajiri? Hoteli umeshalipia? Tiketi ya kurudi? Bima ya euro 30,000? Kila nilichokosa alikiwekea alama nyekundu. Halafu akageukia fomu. Fomu yenu ya maombi ya viza ina sehemu zilizowekewa nyota, na maelezo yake yanasema wazi kwamba sehemu hizo wanafamilia wa raia wa Ulaya hawazijazi. Nilikuwa nimeziacha wazi. Akazizungushia duara moja baada ya nyingine, akanirudishia: "Jaza zote, mama. Usipojaza mfumo haupokei." Nikamwonyesha yale maelezo, kwenye karatasi ile ile aliyoishika. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye ameelekezwa hivyo.

Simlaumu yule binti. Orodha aliyopewa ni ya watalii na wafanyabiashara, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wengine wanaokuja na haki nyingine. Kitabu cha mwongozo wa viza cha Tume ya Ulaya kinaeleza kwamba mtu wa aina yangu anatakiwa kuthibitisha mambo machache tu: yeye ni nani, ni kweli ameoana na raia wa Ulaya, na anasafiri na raia huyo au anamfuata. Taarifa ya benki haithibitishi hata kimoja kati ya hivyo. Kwa Mtanzania mwenye genge la nyanya au mashine ya kushonea, asiye na mwajiri wala mshahara unaopita benki, dai hilo linamfungia mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Liko pia suala la cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila, na ndoa ikishasajiliwa cheti chake ni hati ya serikali. Mimi nilipeleka cheti kilichosajiliwa, chenye tafsiri, kimepitia Wizara ya Mambo ya Nje. Bado nikaambiwa nilete picha za harusi, tena zinazoonyesha wazee wa pande zote mbili, na nichapishe meseji zangu na mume wangu. Nilizichapisha. Nilikaa stationery ya mtaani, kijana wa pale akizitoa karatasi kwenye mashine moja moja, meseji tulizokuwa tukiandikiana mama yangu alipokuwa amelazwa. Mtu asiyenijua akazisoma kuamua kama ndoa yangu ni ya kweli. Naomba mniambie ni ibara gani iliyoruhusu hilo kwa mtu ambaye hakuna aliyemtilia shaka kwa lolote.

2. Viza ya bure inatugharimu

Ada ya viza ya kawaida ya Schengen, yaani ya kuingia nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ilikuwa euro 80 na ikapandishwa kuwa euro 90 tarehe 11 Juni 2024. Sisi haituhusu. Lakini miadi inapatikana kwa wakala tu, yaani kampuni iliyopewa na ubalozi kazi ya kupokea maombi, na wakala ana ada yake ya huduma, ambayo kwa kanuni zenu inaweza kufika nusu ya ada ya viza. Mwongozo wenu unasema wanafamilia wa raia wa Ulaya wasilazimishwe kupitia kwa wakala. Wawe na njia ya kupeleka maombi ubalozini moja kwa moja. Nilipiga simu ubalozini kuomba njia hiyo. Nikaambiwa niende kwa wakala.

Na hapo nazungumzia mtu aliyekuwa anaishi Dar es Salaam. Wa Kigoma au Mwanza ana nauli na mahali pa kulala. Baadhi ya nchi zenu hazina sehemu ya viza Tanzania, kwa hiyo mtu anavuka mpaka kwenda Nairobi kuomba kitu ambacho sheria inasema arahisishiwe kukipata.

3. Utaratibu wa haraka umekuwa wa polepole kuliko wa kawaida

Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya zinataka ombi la kawaida lijibiwe ndani ya siku 15. Kuhusu sisi, Tume ya Ulaya ilieleza mwaka 2009 kwamba kuchelewa zaidi ya wiki nne hakukubaliki. Viza yangu ilitoka harusi imeshapita. Mume wangu alikwenda peke yake, akawa anaulizwa na kila shangazi mkewe yuko wapi, na jibu alilokuwa nalo ni kwamba mke wake bado anachunguzwa.

4. Kadi mliyoitoa haiheshimiwi na walinda mlango wenu

Hili ndilo lililonisukuma kuandika, na naomba mlisome kwa utulivu.

Ireland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen. Kwa hiyo sisi tunaoishi huku na waume au wake raia wa nchi nyingine za Ulaya, kadi ya ukaazi ndiyo tegemeo letu la kusafiri. Kadi hiyo haitolewi ovyo. Sheria inaipa serikali hadi miezi sita kuchunguza ombi, na kipindi hicho chote mwombaji ana cheti cha kupokelewa tu, kisichomwondolea viza. Ukiipata, umeshahakikiwa ndoa, makazi na kazi ya mwenza wako. Kadi inadumu miaka mitano.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imelizungumzia jambo hili zaidi ya mara moja. Tarehe 18 Desemba 2014, katika kesi ya McCarthy, familia iliyokuwa ikiishi Hispania, mke akiwa raia wa Kolombia mwenye kadi halali, Mahakama ilisema Uingereza, wakati huo bado mwanachama, haikuwa na haki ya kumdai kibali kingine cha kuingilia. Uingereza ilijitetea kwamba inaogopa udanganyifu. Mahakama ikakataa: hofu ya jumla haitoshi kumnyima haki mtu ambaye kadi yake ni halali. Tarehe 18 Juni 2020 ikaja kesi ya abiria raia wa Ukraini aliyesafiri kutoka London kwenda Budapest kwa kadi ya ukaazi wa kudumu bila viza. Hungaria ilikuwa imelitoza faini ya euro 3,000 shirika lililombeba. Mahakama ikaamua kwamba kadi hiyo yenyewe inatosha kuthibitisha kuwa mwenye nayo ni mwanafamilia wa raia wa Ulaya, na shirika la ndege halilazimiki kuchimba zaidi.

Kwa hiyo nilipokwenda uwanjani na mume wangu, mtoto na kadi yangu, sikuwa na wasiwasi. Mhudumu wa kaunta aliichukua kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akaangalia kompyuta yake, akaigeuza tena. "Hii siyo ya Schengen." Nikamweleza. Nikamwonyesha maneno yaliyo kwenye kadi yanayonitaja kuwa mwanafamilia wa raia wa Umoja. Akamwita msimamizi. Msimamizi akapiga simu ambayo haikupokelewa, kwa sababu ilikuwa alfajiri. Akasema, tena kwa upole, kwamba akinipandisha nikarudishwa atawajibika yeye. Mabegi yetu yakateremshwa kwenye mkanda. Tukaiona ndege imeandikwa kwenye ubao kuwa imefunga mlango, nasi tumesimama hatua chache kutoka hapo.

Msimamizi yule alikuwa na hofu, na hofu yake mmeitengeneza ninyi. Agizo namba 2001/51 linazitaka nchi zenu kuyatoza faini nzito mashirika yanayobeba abiria wasio na nyaraka. Nchi inayoweka kiwango cha chini haiwezi kukiweka pungufu ya euro 3,000 kwa kila abiria. Hakuna faini inayolipata shirika linalomwacha mwenye haki uwanjani. Mtumishi akikosea kwa kunipandisha, shirika linaadhibiwa. Akikosea kwa kuniacha, hakuna anayeulizwa. Mtu yeyote mwenye familia ya kulisha angefanya alivyofanya.

Na hapa ndipo Ibara ya 5 inapovunjika kabisa. Inasema kwamba mwanafamilia akifika mpakani bila viza au hati inayotakiwa, asirudishwe kabla ya kupewa kila nafasi ya kuridhisha ya kuzileta au kuthibitisha haki yake kwa njia nyingine. Mahakama ilishalisema hilo tangu mwaka 2002, hata kabla Agizo halijaandikwa. Lakini nafasi hiyo ipo mpakani, na mimi mpakani sikufika. Mmelihamisha geti lenu mkaliweka kwenye kaunta ya kampuni ya biashara, mkaiacha haki ya kujieleza kule lilikokuwa zamani.

5. Nikiwa peke yangu, haki inapotea

Hili nalielekeza zaidi Brussels, kwa sababu si kosa la watu wa dirishani. Haki niliyo nayo ni ya kuambatana na mume wangu au kumfuata. Ndugu yangu akifariki Ujerumani na mume wangu asiweze kuacha kazi, kadi yangu hainisaidii; naomba viza ya kawaida, nalipa, nasubiri miadi, na maziko hayasubiri. Nimeishi Ulaya, nalipa kodi Ulaya, mwanangu ni raia wa Ulaya, na bado navuka mpaka kama begi la mume wangu.

Liko na la nchi ya mume mwenyewe. Mreno anayeishi Dar es Salaam akitaka kumpeleka mkewe Hispania, Agizo linamlinda. Akitaka kumpeleka Ureno kwa wazazi, halimlindi, anarudi kwenye viza ya kawaida. Mahakama ilipunguza ukali wa jambo hili mwaka 1992 katika kesi ya Surinder Singh, kwa wale waliokwishaishi na kufanya kazi nchi nyingine mwanachama kisha wakarudi kwao. Wengine wote bado wanasubiri.

Najua mtakavyojibu

Mtasema kuna ndoa za makaratasi. Zipo, na sheria imewapa dawa yake: chunguzeni mnapokuwa na sababu ya kumshuku mtu fulani, mthibitishe, mkatae kwa maandishi. Kumshuku kila Mwafrika anayefika na cheti cha ndoa ni jambo jingine, na mwongozo wenu wenyewe unakataza uchunguzi wa namna hiyo.

Mtasema ni suala la usalama. Ibara ya 27 inataka tishio litokane na mwenendo wa mtu mwenyewe. Mwenendo wangu haukuulizwa mahali popote. Niliulizwa salio la benki.

Mtasema makosa ni ya wakala, au ya shirika la ndege. Wakala anafanya kazi kwa mkataba wenu na kwa orodha yenu. Shirika linaogopa faini yenu.

Mtasema nilipaswa kukata rufaa, au kwenda SOLVIT, ile huduma yenu ya bure ya kutatua migogoro ya aina hii. SOLVIT ina wafanyakazi wema, lakini imejiwekea lengo la wiki 10 kwa kila shauri. Harusi ikipita imepita. Na rufaa inataka uamuzi wa maandishi wenye sababu, kama Ibara ya 30 inavyoagiza, wakati dirishani wengi wetu hatukataliwi kwa maandishi. Tunaambiwa tu "haijakamilika, rudi tena", na neno hilo huwezi kulikatia rufaa popote.

Tunachoomba

Kwanza, kila sehemu ya viza iweke orodha ya pekee kwa wanafamilia wa raia wa Ulaya, fupi kama sheria ilivyo fupi, na ibandikwe pale pale dirishani. Kwa balozi za Afrika Mashariki iandikwe kwa Kiswahili pia. Anayepokea maombi aifundishwe kabla hajapewa kalamu nyekundu.

Pili, kuwe na siku au saa maalumu za kupeleka maombi haya ubalozini moja kwa moja, bila wakala na bila ada.

Tatu, kila anayerudishwa dirishani apewe karatasi yenye tarehe, jambo lililokosekana na ibara inayolidai. Hili halihitaji bajeti wala sheria mpya, na naamini peke yake lingepunguza nusu ya matatizo, maana mtumishi akitakiwa kuandika ibara ataitafuta, na asipoiona atapokea maombi.

Nne, nchi zote ziyaandikie mashirika ya ndege tamko moja la pamoja, lenye picha za kadi, likisema mwenye kadi ya ukaazi ya Ibara ya 10, au ya ukaazi wa kudumu ya Ibara ya 20, anayesafiri na mwenza wake raia wa Ulaya au kumfuata hahitaji viza, na kwamba shirika litakalombeba kwa kuiamini kadi hiyo halitatozwa faini. Pawepo na namba ya simu ya mamlaka ya mpaka inayopokelewa saa 24, kwa sababu ndege nyingi huondoka ofisi zikiwa zimefungwa.

Tano, Tume ya Ulaya itumie mamlaka yake. Iliishitaki Hispania mahakamani kwa kuwanyima wanafamilia haki hizi, na ikashinda mwaka 2005 na tena mwaka 2006. Tunaomba ikague sehemu za viza za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Kinshasa, na matokeo yatangazwe kwa jina la kila nchi. Na inapotafakari marekebisho, ifikirie mke au mume mwenye kadi anayelazimika kusafiri peke yake kwenda kuzika.

Nakala za malalamiko yangu ya awali mnazo, pamoja na cheti cha ndoa na zile meseji. Meseji hizo naomba zirudishwe au ziharibiwe, na nithibitishiwe kwa maandishi kwamba limefanyika.

Naomba pia jibu la hoja hizi, moja moja kwa namba zake, kabla ya mwezi Desemba. Mwezi huo tunakwenda kwa mama mkwe, mimi, mume wangu na mtoto, na kadi yangu ni ile ile.

Wenu katika kudai haki,

Mtanzania, mke wa raia wa Ureno, mkazi wa Ireland